Ukingo wa Mto Wenye Riziki: Juu ya Kuhuisha Bustani za Umma za Kandokando ya Mito

Nimetakiwa kuzungumza juu ya bustani za umma zilizo kandokando ya mito ya miji, zile zilizoasisiwa na waliotutangulia kisha zikachakaa, na juu ya namna ya kuzihuisha ili ziwanufaishe watu wote. Huenda mtu akauliza, na ana haki ya kuuliza, mazungumzo kama haya yana maana gani kufanyiwa Daraja Mbili, soko la mji wa Kisii linalojulikana kwa ndizi, vitunguu, maparachichi, mboga na mitumba wala si kwa maua. Na kwa nini msemaji asiyapeleke maneno yake Nairobi, penye bustani zenye majina na tarehe. Jawabu langu ni kwamba Nairobi nitafika, na Unguja nitapitia, na London na Seoul pia, lakini nimeanzia hapa kwa makusudi, maana ninaamini kwamba bustani ya mto haisimami kwa maua wala kwa ukuta, bali husimama au huanguka kwa hali ya wale ambao tayari wanapata riziki yao ukingoni. Na katika Gusii yote hapana mahali panapolidhihirisha jambo hilo kuliko soko hili.

Mto wa mji wa Kisii ni Nyakomisaro. Si mto mpana, lakini kazi unayoifanya ni kubwa, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa juu ya vilima na miteremko, katika nchi ipatayo mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua hiyo aghalabu hunyesha alasiri, tena kwa ghadhabu, kiasi kwamba kila kilichoachwa barabarani, sokoni na nyuma ya nyumba hukokotwa mpaka bondeni kabla ya magharibi. Maji ya Nyakomisaro huingia katika Mto Riana, na Riana ukaingia katika Gucha, ambao jirani zetu Wajaluo wanauita Kuja. Na Gucha, uliozaliwa katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hauna kituo mpaka Ziwa Viktoria. Chupa ya plastiki itupwayo hapa asubuhi yaweza basi kufika ziwani bila ya kulipa nauli. Fauka ya hayo, maji ya bomba ya mji wetu hayatoki Nyakomisaro, bali huchotwa Kegati kutoka Gucha, na nadhani hilo ni moja katika mambo yaliyoufanya mto wa mji usahaulike, kwani binadamu huuheshimu mto anaounywa, na ule asiounywa huufanya mfereji wa kutupia.

Sasa tuutazame ukingo kwa karibu, kama unavyoonekana katika miji yetu hii ya milimani siku ya soko. Penye daraja yuko kijana aliyekunja suruali mpaka magotini, ana ndoo na sifongo, anaosha pikipiki ya mwenziwe, na povu jeupe linateremka juu ya maji yaliyokwisha kuwa mekundu kwa udongo. Hatua chache mbele yake kuna kitalu cha miche: viriba vyeusi vimepangwa safu kwa safu, vimejazwa udongo wa bondeni, vina miparachichi iliyopandikizwa kwa wembe na kufungwa kwa ukanda wa nailoni, vina pia mikaratusi kwa yule atakaye nguzo na kuni; na mwenye kitalu amepachagua ukingoni kwa sababu wakati wa kiangazi hana budi kunywesha asubuhi na jioni, wala pampu hana. Yuko mama ananyunyizia mafungu ya mboga za chinsaga na managu yasinyauke kabla wanunuzi hawajashuka. Nyuma yake yamerundikwa majani ya migomba yaliyofungiwa ndizi safarini, yameoza chini na juu bado ni kijani, na maji meusi yanayochuruzika humo yamejitafutia njia mpaka mtoni.

Watu hawa wote, katika karatasi za wapimaji na wapangaji wa miji, hupewa jina moja tu, nalo ni wavamizi. Mimi naliona jina hilo kuwa la uvivu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika Kaunti ya Kisii watu 1,266,860, ambao ukiwagawa juu ya ardhi yote utapata karibu watu 960 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira ikahesabiwa watu 605,576. Na katika nchi iliyosongamana hivyo, ambamo shamba la babu limekatwa kwa wana, na la wana likakatwa kwa wajukuu mpaka limebakia kishamba cha migomba na mistari michache ya chai, mtu halimi mpaka kwenye ulimi wa maji kwa ufedhuli, bali kwa kuwa hana pengine pa kulima. Hata mkaratusi wa ukingoni, ambao wataalamu wameulaumu kwa haki kwamba hunywa maji mengi na kuzikausha chemchemi, una kisa chake: Waingereza waliuleta nchini mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni za garimoshi, na leo mzee aliyeupanda chini ya shamba anajua kwamba ada ya shule ya mwanawe imesimama pale, inangoja kukatwa. Mwenye kumwambia mzee huyo aing'oe miti yake kwa ajili ya bustani, bila ya kumwambia atapata nini badala yake, asishangae kuitikiwa kwa heshima na kupuuzwa.

Neno juu ya ukale wa mambo haya. Boma la Kisii liliasisiwa na Waingereza mwaka 1907, na mtawala wake wa mwanzo, Geoffrey Northcote, ambaye Abagusii walimgeuza jina wakamwita Nyarigoti, alichomwa mkuki na mmoja wao aitwaye Otenyo mwezi wa Januari 1908. Akapona, na baadaye sana akawa gavana wa Hong Kong. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana hapahapa. Ninayataja haya kwa sababu miji yetu haikuanza kama miji ya wenyeji, na bustani zake za kwanza hazikupangwa kwa ajili ya mama wa chinsaga. Katika Nairobi ya wakoloni, mabonde na mito yalitumika kutenga mitaa ya Wazungu na mitaa ya wengine, na mahali pa kupunga upepo palikuwa na wenyewe. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuhuisha bustani za kale tusidhani kwamba kazi yetu ni kuzirudisha kama zilivyokuwa. Nyingi katika hizo hazikuwa za watu wote hata siku moja, na uzuri wake wa awali ulikuwa sehemu ya dhuluma yake. Tunachotaka ni kuzitwaa ardhi zile zile, miti ile ile na maji yale yale, tukazipa hukumu nyingine.

Nairobi inatufundisha mambo mawili, moja kwa ushindi na moja kwa hasara.

La ushindi ni juu ya milki. Mwaka 1906 Alibhai Mulla Jeevanjee aliutolea mji wa Nairobi bustani inayoitwa kwa jina lake mpaka leo, na mwaka 1991 ikakusudiwa kugeuzwa kuwa jengo la maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na watu wa mji, na mpango huo ukafa. Miaka miwili kabla ya hapo, Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa bungeni na kubezwa, lakini jengo halikujengwa, na bustani iliyofunguliwa mwaka 1969 bado ipo. Bustani hizo mbili haziko juu ya ukingo wa mto, nami nakiri kwamba nimetoka kidogo katika njia, lakini hapana mfano ulio bora wa kuonyesha kwamba bustani ya umma huuawa kwanza katika ofisi ya ardhi, kimyakimya, kwa kalamu, kabla ya tingatinga kutokea. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokamilishwa mwaka 2004, ilifichua jinsi ardhi za umma za kila namna zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na bustani na viwanja vya mapumziko vilikuwa miongoni mwake.

Watu wa pwani walikuwa na dawa ya maradhi haya tangu kale, nayo ni wakfu: mtu akiisha kuweka nyumba au shamba kuwa wakfu, haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi, na msimamizi wake ni mtumishi tu wa manufaa yaliyokusudiwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 imefika karibu na maana hiyo kwa njia nyingine. Kifungu cha 62 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa kwa amana kwa niaba ya wananchi. Kanuni za maji zikaongeza kwamba ukingo utengwe kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka pale maji yanapofika yanapofurika, kwa kadiri ya upana wa mto. Na Jedwali la Nne likazipa kaunti jukumu la bustani na mahali pa burudani, na kadhalika la kuzoa taka na la maji na usafi. Kwa hiyo sheria tunayo. Tusichokuwa nacho, katika mito mingi ya miji yetu midogo, ni jiwe la mpaka lililosimikwa ardhini ambalo mtoto wa shule aweza kulionyesha kwa kidole akasema, kuanzia hapa ni pa watu wote.

La hasara ni juu ya utunzaji. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia mwaka 2008, aliushughulikia Mto Nairobi kwa ukali aliojulikana nao, na katika sehemu iliyo baina ya Museum Hill na mzunguko wa Globe, iliyokuwa imejaa gereji na taka, pakafanywa bustani nzuri. Alifariki mwezi wa Februari 2012, bustani ikapewa jina lake, na heshima hiyo ikafuatwa na miaka ya kuachwa: taka zikarudi, gereji zikarudi, na mpita njia akarudi kuharakisha hatua zake. Mwaka 2020 ikatengenezwa tena na kufunguliwa kwa watu, nasi tunashukuru. Lakini mwenye busara atajiuliza ni kitu gani kilichokosekana katika miaka ile iliyopita katikati. Haikukosekana fedha ya kuanzia, maana fedha ya kuanzia haikosi kupatikana penye kiongozi mwenye kutaka kukata utepe. Kilichokosekana ni mshahara wa mtunza bustani katika mwaka wa pili, na wa tatu, na wa nne, na watu ambao ingewauma bustani ikifa. Lilinganisheni hilo na shamba la miti la Nairobi liitwalo Arboretum, lililoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribiwa miti ya kuwasha garimoshi, nalo limepakana na Mto Kirichwa Kubwa: nalo liliwahi kuchakaa mpaka likaogopwa, lakini wakatokea raia wakajiunga kuwa marafiki zake, wakaiandama serikali kwa barua na kwa jembe, na mpaka leo watu wanakwenda kusoma, kukimbia na kuomba dua chini ya miti ile.

Nikivuka bahari, nitaitaja London kwa jambo moja. Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Mto Thames ulikuwa mkali hata mapazia ya Bunge yakatiwa dawa ili waheshimiwa waweze kukaa. Na waheshimiwa walipoona kwamba harufu haikuwapa heshima waliyoizoea, wakapitisha sheria kwa haraka ambayo ni nadra kuonekana katika mabunge. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya mabomba makubwa ya maji machafu, na baina ya mwaka 1865 na 1870 akajenga ukingo mpya wa kaskazini unaoitwa Victoria Embankment, ambamo bomba kuu lilipitishwa chini na barabara na bustani zikawekwa juu. Mgeni anayekaa leo chini ya miti ile amekaa juu ya mtaro wa vyoo vya London, wala hajui. Utaratibu ni huo: bomba kwanza, maua baadaye. Sisi hapa, kila tunapotangaziwa siku ya kupanda miti mtoni, huja mgeni rasmi, hupandwa miche, hupigwa picha, na juu ya mteremko choo cha ploti kinaendelea kumwaga mtoni usiku wa mvua. Ni sawa na mtu anayepaka chokaa ukuta wa nyumba ambayo paa lake linavuja.

Seoul ni somo la namna nyingine, nalo ni chungu. Katika mji huo mkuu wa Korea Kusini, kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa kwa saruji na juu yake ikapitishwa barabara kuu ya angani. Mwaka 2003 meya, Lee Myung-bak, akaanza kuibomoa, na mwezi wa Oktoba 2005 kijito kikafunguliwa kwa urefu wa karibu kilomita sita, maji safi yakipita katikati ya majengo ya biashara. Dunia nzima ilistaajabu, na wapangaji wa miji wanapeleka wageni huko kama mahujaji. Lakini mambo mawili husemwa kwa sauti ya chini. Kwanza, maji mengi yanayopita humo, kiasi cha tani 120,000 kwa siku, husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han, kwa hiyo ni mto unaolipiwa umeme. Pili, wachuuzi waliokuwa wakiuza vitu vikuukuu kandokando ya barabara ile walihamishiwa katika uwanja wa michezo wa Dongdaemun, wakaambiwa hapo ndipo kwao, na baada ya miaka michache uwanja huo nao ukabomolewa kwa ajili ya jengo jingine la fahari, wakahamishwa tena. Bustani ilihuishwa, na soko likafishwa. Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Nasema kwamba atakayeileta picha ya Seoul mbele ya watu wa Daraja Mbili sharti aulizwe wauzaji walikwenda wapi.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kuona ubaya wa kutanguliza ubomoaji. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru wote waliokaa ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi waondoke, na nyumba katika Mathare na Mukuru zikabomolewa watu wakiwa bado wanaanika magodoro. Hatari ilikuwa ya kweli, kwani watu walikuwa wamekufa maji. Lakini ukingo uliosafishwa kwa namna ile hauna rafiki, na ukingo usiokuwa na rafiki hurudiwa na vibanda au hunyakuliwa na mwenye nguvu, mojawapo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kwetu Afrika ya Mashariki, ijapokuwa maji yake ni ya chumvi. Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja kuna bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub. Baada ya Mapinduzi ikawa ya watu kwa maana kamili, na ikawa ndiyo jiko la mji: jua likisha kuchwa, huwashwa taa na makaa, hupangwa mishikaki, pweza, mihogo, na juisi ya miwa hukamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Lakini umaarufu ule uliichosha. Majani yalikwisha, maji machafu hayakuwa na pa kwenda, na ukuta wa bahari ukawa unaliwa na mawimbi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukashirikiana na serikali kuitengeneza, na mwezi wa Julai 2009 ikafunguliwa upya, ina njia za mawe, taa, mifereji, majani na ukuta wa bahari uliotiwa nguvu. La muhimu kwangu ni kwamba wauza vyakula, waliohamishwa kwa muda wakati wa kazi, walirudi, na mahali pao pakapangwa ndani ya bustani yenyewe. Wapo walionung'unika kwamba utaratibu mpya umewabana, na manung'uniko hayo tusiyadharau. Hata hivyo aliyeifikiria Forodhani alifahamu jambo ambalo wengi hawalifahamu, kwamba bila ya moshi wa mishikaki ile ingekuwa bustani nzuri isiyokuwa na mtu.

Basi tukirudi Daraja Mbili, kazi ya kwanza ni ya mpimaji wa ardhi. Apite na wazee wa pande zote mbili za Nyakomisaro, kutoka juu mpaka ulipoungana na Riana, asimike mawe, na ramani ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataiona. Penye hati ya mtu iliyotolewa kwa haki na ikaingia ukingoni, afidiwe au awekewe mapatano ya kupanda, mahali pa mikaratusi, mianzi ambayo huvunwa na kuuzwa bila ya kung'oa mizizi inayoshika udongo. Na penye hati iliyopatikana kwa ujanja, mahakama zipo.

Kazi ya pili ni ya chini ya ardhi, na kwa hiyo haina picha nzuri gazetini: vyoo vya soko vinavyofanya kazi siku nzima na vyenye maji; mitaro yenye wavu wa kunasa taka kabla hazijafika mtoni, na mtu wa kuusafisha wavu kila jioni ya siku ya soko; na bomba la maji machafu lenye kufika Suneka kwenye mitambo ya kusafishia. Taka za soko hili kwa sehemu kubwa ni majani, maganda na mboga zilizooza, na mwenye kitalu, aliye hatua hamsini tu kutoka kwenye rundo lile, hununua mbolea. Sijaona sababu ya hawa wawili kutokutana ila kwamba hapana aliyewapa kiwanja kidogo cha kuozeshea na paa la kukikinga na mvua.

Kazi ya tatu ndiyo bustani, na bustani hiyo isifanane na ya Nairobi. Waosha pikipiki na magari wapewe jukwaa moja la saruji, mbali na maji, lenye mtaro wa kunasa mafuta na povu, walipe ada yao hapo na wawe na chama chao. Wenye vitalu wabaki ukingoni, na kodi yao iwe miche na siku za kazi, maana hawa ndio watunza bustani wasiohitaji kufundishwa, na katika ukingo wote hapana mwenye haja kubwa kuliko yao ya kuona maji yamebaki safi. Kwenye kingo zenyewe irudi mikuyu na miti mingine ya asili ambayo wazee bado wanaijua kwa majina ya Ekegusii na kwa dawa zake. Chini yake viwekwe vikalio, ili mama aliyetoka Nyamira alfajiri na mzigo wake awe na pa kukaa akila mchana wake, na watoto anaokuja nao wawe na pa kuchezea pasipokuwa barabara. Na mawe ya Tabaka, ambayo wachongaji wetu wameyapeleka mpaka Ulaya na Marekani, yapate mahali katika mji wao wenyewe, penye kivuli na pa kuonekana.

Litakuja swali la kiingilio, kwa kuwa kila mradi una mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hupenda lango. Shauri langu ni kwamba lango lisiwekwe kabisa. Katika Msitu wa Karura na mahali pengine pa Nairobi kiingilio kimesaidia kulipa walinzi, wala sibishi, lakini hiyo ni misitu yenye mipaka mipana, na wanaokwenda huko wengi wao walitoka nyumbani kwa nia ya kwenda. Bustani ya kandokando ya soko ni ya mtu aliyekuja kuuza kikapu cha viazi vitamu, ambaye faida yake ya siku nzima huenda isizidi mara chache kiingilio hicho. Ukimtoza ili aketi kivulini, ataketi juani, na bustani itabakia ya vijana wenye simu za kupigia picha za harusi. Soko tayari linalipa ushuru kila siku, na kila mwuzaji ana risiti yake. Sehemu ya ushuru huo, iliyoandikwa na kutajwa katika bajeti ya kaunti kwa jina la mto, yatosha kumlipa mtunza bustani mwaka wa pili na wa tatu, na ndiyo njia pekee niijuayo ya kumwezesha mwenye kulipa kuuliza fedha yake imekwenda wapi.

Yote haya yana mlango wake wa kuingilia, nao si wa siri. Sheria inailazimisha kaunti kuwaita wananchi kutoa maoni yao kabla ya kupitisha bajeti, na matangazo ya vikao hivyo hubandikwa, na aghalabu wanaohudhuria ni wachache, wengi wao wakiwa wamekwisha kujua watakayoyasema. Mwaka huu nendeni. Nendeni wauza ndizi, na waosha pikipiki, na wenye vitalu, na wazee wenye mikaratusi mtoni, mkakae mstari wa mbele. Na kabla hamjauliza juu ya maua wala viti wala taa, ulizeni ramani ya ukingo wa Nyakomisaro iko wapi, na mawe ya mpaka yatasimikwa tarehe ngapi.